Mtani Hashtakiwi

"Ahsante sana, daktari."

Ndiyo maneno niliyoyaacha yakining'inia mdomoni mwa Bwana Mashimba wiki iliyopita, na najua wapo walionilaani wiki nzima. Haya, tusipoteze muda.

Gari lilikuwa bado linanguruma. Nyuma, katikati ya mgambo wawili, alikaa Mama Bibiana, mtani mkuu wa msiba, koti la marehemu likiwa bado mwilini. Bwana Mashimba alikuwa na mguu mmoja ndani ya gari na mwingine nje. Akageuka, akamtafuta Fulgensi Mbawala kwa macho katikati ya waombolezaji, akatabasamu, akasema maneno yake. Kisha akafunga mlango, gari likaondoka na kuwaachia vumbi juu ya masufuria ya wali.

Uwanja mzima ukamgeukia Fulgensi.

Kwa wewe uliyefungiwa maandazi na gazeti la wiki iliyopita kabla hujalisoma, nakudokeza upesi. Fulgensi ni kijana wa chuo kikuu, anasomea udaktari wa sheria, siyo ule wa sindano, ingawa kina mama wa Lukundo mpaka leo wanamwonesha vidonda vya watoto. Alikuja bonde la Kilombero mwaka huu wa tisini na nne kutafiti jinsi watu wanavyoamua kesi zao na wanavyowasema viongozi wao, na uchaguzi wa vyama vingi ndiyo huo unabisha hodi vijijini. Kibali chake kimekuwa kikiisha kama kipande cha sabuni. Mwanzo aliruhusiwa kila mahali. Kisha akakatazwa mikutano. Kisha akanyang'anywa redio kaseti. Kisha akaambiwa neno uchaguzi asilitamke, hata kama ni uchaguzi wa kiongozi wa kwaya.

Pale Lukundo, mbele ya Mchombe kama unakwenda Mlimba, watu walimfungia milango mpaka walipomjua kabila. Kumbe Mngoni! Wapogoro wa kijiji kile na Wangoni ni watani. "Mtumwa wetu karudi! Ficheni panya, asije akawamaliza!" Basi, milango ikafunguka yote. Mtani hafichwi kitu.

Ndipo akafa Mzee Damiani, mwenyekiti wa kijiji wa miaka mingi. Na desturi ya pale ni kwamba siku ya matanga mtani huvaa koti la marehemu na kumwigiza: anavyotembea, anavyokohoa, na mabaya yake yote bila kuficha. Hakuna wa kukasirika, hakuna wa kushtaki, maadamu koti liko mwilini. Matanga hayaondoki mpaka wafiwa walikomboe koti lile kwa kuku. Bibiana, Mpogoro wa ukoo ulio watani na ukoo wa marehemu, alilivaa, akatoa tumbo mbele kama marehemu, akanguruma, "Uchaguzi ni huru! Anayenitaka anyooshe mkono. Asiyenitaka naye anyooshe, na jina lake anitajie!" Watu walicheka mpaka mjane akashika mbavu.

Kabla hawajamaliza kucheka, gari la serikali likafika, Bwana Mashimba ndani yake.

Sasa mjane huyo, Mama Odilia, alisimama kutoka kwenye mkeka. Ni mwanamke mfupi, mpole wa sauti, lakini hakuna aliyewahi kumkatisha akizungumza.

"Mtani," alisema, "yule bwana anakushukuru nini?"

Jibu lilikuwa moja tu, naye Fulgensi alikuwa nalo.

"Nilimwelekeza njia, mama," alisema. "Juzi, Ifakara. Aliniuliza njia ya huku."

Mwongo mkubwa!

"Njia tu?"

"Njia tu, mama."

Mama Odilia akamtazama, kisha akaitikia kwa kichwa. "Haya. Maana mtani hamchongei mtani. Tangu nizaliwe sijasikia."

Na wote wakaitikia kwamba hawajasikia. Hapo, msomaji, ndipo aibu ilipomshika Fulgensi kwa mara ya kwanza sawasawa. Uongo wenyewe haukumshtua kama alivyoshtuka kuona wameuamini upesi vile. Laiti wangembishia kidogo.

"Lakini mtu kasema," kijana mmoja alipaza sauti. "Mashimba kaja moja kwa moja mpaka kwa Mama Bibiana, hakuuliza jina. Juzi nani mwingine alikwenda Ifakara?"

Macho yakahama. Yakaenda kutua kwa Kasmiri, mdogo wa marehemu, aliyekuwa anachochea kuni.

"Nilikwenda kununua sanda ya kaka yangu!" Kasmiri alisema. "Mlinituma wenyewe!"

"Na unagombana na Bibiana kwa ajili ya majaruba ya mpunga."

"Majaruba ni majaruba! Ndiyo nimpeleke mtu kwa serikali?"

Vijana wawili walikuwa wamekwisha kusimama. Kasmiri akamgeukia Fulgensi. "Mtani, waambie! Tulikwenda lori moja, tumerudi lori moja. Waambie kama uliniona naingia ofisi yoyote!"

Hiyo ilikuwa nafasi, tena nafasi ya dhahabu. Neno moja tu. Fulgensi akafungua kinywa, akasema, "Mimi... sikuwa naye muda wote."

Ni kweli tupu, na ndiyo ilikuwa mbaya kuliko uongo.

"Hapigwi mtu kwenye matanga ya mume wangu," Mama Odilia alisema. "Ya Kasmiri tutayajua baadaye. Mimi namtaka Bibiana, na nalitaka koti. Bila koti huyu mzee hajaondoka, na mimi nitakaa kwenye mkeka huu mpaka lini? Kasmiri una baiskeli. Mtani una sheria. Nendeni mkamtoe."

*

Baiskeli ya Kasmiri ni ile nzito ya kubebea magunia ya mpunga. Fulgensi alikaa kwenye karia, miguu ikining'inia, na mbele yake mgongo wa Kasmiri ulikuwa umelowa jasho kabla hawajafika darajani.

"Sina kinyongo na wewe, mtani," Kasmiri alisema huku akihema. "Umesema kweli. Hukuwa na mimi muda wote. Msomi hawezi kusema asichokiona."

Fulgensi akaishika karia kwa mikono miwili.

"Ila ukimtoa Bibiana, nisaidie jambo moja. Yule mama ana akili. Muulize mbele ya watu kama ananishuku. Akisema hapana, nimepona. Mimi hapa ndipo nilipozaliwa, mtani. Nikiitwa mchongezi Lukundo, nitahamia wapi? Masagati? Na huko nako watasikia."

"Kasmiri, simama kidogo."

"Umechoka kukaa?"

"Simama. Nina neno."

Kasmiri akafunga breki, akaweka mguu chini, akageuka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja msaada. Fulgensi akautazama, na moyo wake ukaingia maji.

"Nilitaka kushuka, tupande kilima kwa miguu," alisema. "Nakuchosha."

"Ah! Wewe mgeni, kaa tu."

Wakaendelea. Kilima chenyewe hakikuwapo. Bonde lote pale ni tambarare mpaka milimani.

Sasa acha niwaambie lililotokea juzi yake, maana Fulgensi mwenyewe hawezi. Alikwenda ofisi moja pale Ifakara kuongezewa muda wa kibali. Ofisi sitaitaja, mwandishi naye ana watoto. Bwana Mashimba, anayeshughulika na wageni na maneno yao, akamwambia kwa upole kwamba utafiti umefungwa. Uchaguzi umekaribia, na mambo ya watu kuwasema viongozi hayatakiwi.

Mtu mwingine angepokea, akaenda zake kunywa chai. Fulgensi wetu akaona ni mahali pa kuonesha elimu. Akaeleza kwamba utafiti wake hauna siasa, ni mambo ya mila, ya watani tu na vichekesho vyao vya msibani. Mashimba akavutiwa, akamwagizia soda. Watani gani? Wa wapi? Husema nini? Basi Fulgensi akafunguka kama bomba. Akaeleza kwamba yale watu wasiyoweza kuyasema mkutanoni, mtani huyasema matangani. Akatoa na mfano, maana msomi bila mfano hashibi: Lukundo kuna mama anaitwa Bibiana, wiki hii hii atamwigiza mwenyekiti.

"Na mtani huyo hashtakiwi?" Mashimba aliuliza.

"Kwao ndivyo wanavyoamini, mheshimiwa. Kisheria utani si kinga."

"Una hakika?"

Fulgensi akacheka. "Mheshimiwa, hiyo ni desturi tu. Hakuna mahakama itakayoitambua."

Muhuri ukagongwa, muda wa kibali ukaongezwa. Hakutishwa, hakupigwa, hakunyimwa hata soda. Alisema kwa sababu alipenda kusikilizwa. Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga, ila safari hii kichwa kilichoponzwa kilikuwa cha mwingine.

*

Ofisi ya kata, alikowekwa Mama Bibiana, ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, iliyogawanywa kwa ukuta wa mbao. Kasmiri alibaki nje na baiskeli. Fulgensi akapiga hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msomi wangu!" Bwana Mashimba alinyanyuka kabisa kumpokea. Ni Msukuma mrefu, mcheshi, mwenye kicheko cha kumfanya mtu ajisikie nyumbani. "Kaa, kaa. Mmeshakula huko? Nilitamani nibaki nile ule wali wa kambale, lakini kazi."

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya Mama Bibiana. Yule ni mtani. Lile ni jambo la mila."

"Najua. Hata sisi Wasukuma tuna watani. Wangekuja kunizika mimi wakasema wizi wangu wote, nisingefufuka kulalamika." Akacheka. "Lakini nilikuuliza, daktari. Nilikuuliza mara mbili. Ukasema utani si kinga."

"Nilikuwa nazungumza kitaalamu."

"Na mimi nimetekeleza kitaalamu."

Fulgensi akainamisha kichwa.

"Usihuzunike," Mashimba alisema. "Mimi sina ugomvi na mama wa watu. Nimeagizwa bonde liwe kimya mpaka uchaguzi upite, basi. Lisipokuwa kimya, anayeulizwa ni mimi. Sasa wewe unaweza kunisaidia, na mimi nikakusaidia. Endelea na utafiti wako. Hudhuria misiba. Kila msiba ukiisha, pita hapa, tunywe chai, unisimulie nani kasema nini. Kama juzi tu. Mama anakwenda nyumbani sasa hivi, na wewe unapata udaktari wako."

"Na nikikataa?"

"Kibali nakichukua. Mama kesho anakwenda Ifakara, na huko mimi sina sauti." Akasogeza kiti karibu. "Hukunikatalia juzi, daktari. Leo kimeongezeka nini?"

Ningependa kuandika kwamba Fulgensi alimfikiria Bibiana kwanza. Siandiki hivyo, Fulgensi, kwa sababu hukumfikiria. Ulifikiria chuo, na mama yako Songea aliyekwisha kuanza kujiita Mama Daktari kanisani. Bibiana ulimkumbuka baadaye, ukafurahi kwamba umepata kisingizio.

"Sawa, mzee," alisema kwa sauti ndogo.

"Sawa nini?"

"Nitapita."

"Ndiyo maana nakupenda!" Mashimba akaita, "Mgambo! Mfungulieni mama!" Kisha akaongeza, "Na jioni nitakuja mwenyewe kumpa mjane pole. Isionekane serikali haina utu."

Mlango wa ukuta wa mbao ukafunguka. Mama Bibiana akatoka na koti lake pana, mikono imefichwa ndani ya mikono ya koti. Hakumtazama Mashimba. Alimpita Fulgensi mpaka barazani, naye akamfuata kama mtoto aliyeitwa.

"Mtani," alisema polepole, Kasmiri asisikie, "mbao za ukuta ule ni nyembamba sana."

Fulgensi akageuka kuutazama ukuta ule. "Mama... umesikia..."

"Ya leo na ya juzi."

"Mama, nisamehe. Nimekosa. Sikujua kama—"

"Ulijua. Umesoma." Akavua koti, akalikung'uta vumbi, akamnyooshea. "Vaa."

"Mimi?"

"Wewe si mtani? Koti la marehemu halishikwi na mwingine. Mimi nimechoka. Vaa. Tukifika, utaigiza wewe."

"Nimwigize nani?"

"Chagua mwenyewe."

Fulgensi akaelewa, na alivyoelewa alitamani baraza limmeze. "Waambie wewe, mama. Nakuomba. Nitasimama pale, nitainamisha kichwa, lakini sema wewe."

"Siwezi." Kwa mara ya kwanza sauti ya Bibiana ikatetemeka. "Nikisema mimi, nimekushtaki. Na mtani hamshtaki mtani. Wewe ndiye uliyesema desturi hii haina nguvu. Mimi imenifunga mdomo."

"Na Kasmiri?"

Wote wawili wakamtazama Kasmiri, aliyekuwa anapangusa karia kwa shati lake, ili mama apate pa kukaa.

"Kasmiri," Bibiana alisema, "ni wewe na Mungu wako."

*

Vigelegele vilianzia darajani. "Msomi kamtoa! Mngoni kamtoa!" Fulgensi alibebwa juu juu, koti la marehemu likimpwaya. Mmoja anamtania kwamba leo atakula kuku, si panya, mwingine anamwahidi mke. Mama Odilia alimshika mikono yote miwili na kumwambia, "Mwanangu, Mungu akuzidishie," na machozi yakamtoka.

Ukishangiliwa na watu uliowauza, msomaji, chakula hakipiti. Sinia lililetwa, Fulgensi akawekwa mahali pa heshima. Kwenye sinia la jirani Kasmiri aliketi na wenzake, akanyoosha mkono kumega. Wenzake wakatoa mikono yao. Hakuna aliyesema neno. Wali ukabaki, na mkono wa Kasmiri peke yake katikati ya sinia. Akaurudisha polepole, akaufuta kwenye suruali, ingawa haukuwa umeshika kitu.

Fulgensi aliona yote.

"Haya!" Mama Bibiana alipiga makofi. "Jua linazama na matanga hayajaondoka. Leo mtani wetu wa Songea anaigiza!"

Shangwe tupu. Fulgensi akasimama. Akaanza na Bwana Mashimba: akatembea kwa madaha, akafungua mlango wa gari lisilokuwapo, akasema, "Wali wa kambale mtamu, lakini kazi!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Akavuta kigoda, akakikalia kama kiti cha ofisi. "Karibu! Mpeni soda!"

Kisha akahama, akakaa upande wa pili, kwenye ncha ya kigoda, magoti pamoja, mikono katikati ya mapaja. Akafanya sauti ya unyenyekevu. "Shikamoo, mheshimiwa. Ahsante kwa soda, mheshimiwa."

"Huyo Kasmiri!" vijana wakapiga kelele. "Kasmiri huyo! Mpe, mpe!"

Kasmiri akainamisha uso.

Fulgensi akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la shati, kioo kimoja kimoja, akaipuliza, akaivaa tena kwa kidole cha kati. Kila mtu Lukundo alikuwa amekwisha kumwona akifanya hivyo mara mia. Kicheko kikaanza kupungua upande wa kina mama.

"Mheshimiwa, yule anaitwa Bibiana," alisema kwa sauti ile ile. "Ataigiza siku ya matanga. Atavaa koti. Wao wanaamini hashtakiwi, mheshimiwa. Mimi nimesoma. Utani si kinga."

Mwanamke mmoja aliendelea kucheka peke yake, kisha akajiziba mdomo.

"Nani huyo?" kijana mmoja aliuliza, lakini hakuuliza kwa nguvu.

Fulgensi akanyanyuka kutoka kwenye kigoda. Sauti ya kuigiza haikutoka tena. "Ni mimi," alisema. "Kasmiri alinunua sanda, akarudi. Aliyesema ni mimi. Hawakunilazimisha. Na leo nimeahidi kusema tena, msiba hadi msiba, ili nipate udaktari. Ni mimi, mama."

Hata sufuria zilizokuwa zinasuguliwa nyuma ya nyumba zilinyamaza. Fulgensi alingoja matusi. Alingoja jiwe, alilitamani kabisa. Halikuja. Walimtazama tu, na aliona kila mmoja anakumbuka alichowahi kumwambia, ndani ya nyumba yake, mlango ukiwa wazi kwa sababu ni mtani.

Kasmiri alikuwa analia bila kujificha.

Mama Odilia akanyanyuka na kuku wa kukombolea koti chini ya kwapa. Akaja mpaka mbele ya Fulgensi. Watu wakangoja ampe kuku, avue koti, matanga yaondoke, na kitakachofuata kifuate. Vijana walikwisha kusogea.

Lakini Mama Odilia akageuka, akarudi kwenye mkeka wake, akaketi na kuku wake.

"Silikomboi bado," alisema.

Ndipo makofi yakasikika. Mtu mmoja tu, anapiga polepole, kutoka nyuma ya ghala la mpunga. Bwana Mashimba. Gari alikuwa ameliacha darajani, akaja kwa miguu na mgambo wake wawili, amevaa shati jeupe la kutolea pole.

"Safi sana, daktari," alisema. Hakuwa na kicheko safari hii. "Unaigiza vizuri kuliko yule mama. Mambo ya ofisini yote, hadharani. Vua koti la watu, twende."

Fulgensi hakubisha. Kwa kweli aliona nafuu. Afadhali gari, afadhali Ifakara, kuliko macho yale. Akaanza kuvua mkono mmoja wa koti.

Mkono wa mtu ukamrudishia. Ulikuwa mkono wa Bibiana. Akalivuta koti juu ya mabega yake, akalifunga kifungo cha juu kama anavyofungwa mtoto wa shule, kisha akasimama mbele yake.

"Koti halijakombolewa," alimwambia Mashimba. "Msiba haujakwisha. Huyu ni mtani, na mtani hashtakiwi."

"Mama, wewe nilikuchukua na koti hilo hilo."

"Ulikosea. Usikosee mara mbili."

Kasmiri akafuta uso, akaja akasimama ubavuni kwa Bibiana. Hakumtazama Fulgensi, lakini alisimama.

Fulgensi alitamani kulia. Aibu zote za siku ile hazikufika robo ya hii: kukingwa na watu uliowauza, kwa kitu kile kile ulichosema hakikingi.

Mashimba akapumua kama mtu mwenye subira nyingi. "Haya. Hapa tuna mtaalamu. Daktari, waambie wenyewe uliyoniambia. Utani ni kinga, au si kinga? Ukisema si kinga, unaondoka na mimi kwa amani na kibali chako kipo. Mama huyu namchukua tena, ameizuia serikali mbele ya watu. Ukisema ni kinga, basi umewafundisha watu kuipinga serikali, na kosa hilo unalijua kifungu chake kuliko mimi."

Fulgensi aliutazama mgongo wa Bibiana mbele yake. Mwanamke yule hakugeuka kumwangalia atasema nini. Hakumuomba kitu.

"Mzee Mashimba," Fulgensi alisema, "juzi ulipouliza tulikuwa wawili, nikajibu upesi kwa sababu jibu lilikuwa halinigusi. Niulize tena sasa, wasikie wote."

"Nimeshauliza."

"Basi ni kinga. Na mimi ndiye niliyedanganya."

Bwana Mashimba akamtazama kidogo, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Akawageukia mgambo wake.

"Wachukueni wote wawili."

Mgambo wa kwanza akapiga hatua. Wa pili hakusogea. Alikuwa Mpogoro wa pale pale Lukundo, na mchana ule, akiwa amemshika Bibiana garini, hakuna mtu wa kwao aliyemsalimia. Alimtazama Mama Odilia kwenye mkeka, akalitazama koti.

Akaegemeza rungu lake kwenye ukuta wa ghala, akavua kofia, akaenda kukaa na wafiwa.